720,720 ni kigawo cha 16 au kigawe cha 16?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa darasa la sita kaandika "720,720 ni kigawo cha 16" akakoseshwa, na mi nimepiga hesabu inagawanyika vizuri tu, jibu 45,045 bila baki. Kosa liko wapi?

Marahaba mama. Hesabu yake iko sawa kabisa, kilichomponza ni irabu ya mwisho. Alitakiwa aandike kigawe.

Angalia maneno yanayoishia na -o kama kifuniko, kizibo, ufagio, hivyo ni vitu vya kufanyia kazi, unafunika navyo, unaziba navyo, unafagia navyo, kwa hiyo kigawo ni ile namba unayogawia. Sasa chukua mtume, kiumbe, mteule, hawa ni waliotendwa, katumwa, kaumbwa, kateuliwa, ndo maana kigawe ni ile inayogawanywa. Hapo 16 ndo inagawa na 720,720 ndo inagawanywa, basi 16 ni kigawo cha 720,720, na 720,720 ni kigawe cha 16. Vigawo vya 16 viko vitano tu, 1, 2, 4, 8 na 16 yenyewe, namba ya laki saba na ushee itaingiaje humo jamani?

Halafu mwalimu wake kachagua namba tamu sana, maana 720,720 (isomeni laki saba elfu ishirini, mia saba na ishirini) ndiyo KDS (kigawe kidogo cha shirika, yani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote bila baki) ya namba zote kuanzia 1 mpaka 16, na ina vigawo 240, huwezi kupata namba ndogo kuliko hiyo yenye vigawo vingi hivyo. Mwonyeshe mtoto kwamba ni 720 mara 1,001, na 1,001 ni 7 mara 11 mara 13, yani 720 inabeba 2, 3, 4, 5, 6, 8, 9, 10, 12, 15 na 16, zile ngumu 7, 11 na 13 zinatoka kwenye 1,001, na 14 inapatikana kwa 2 ya huku na 7 ya kule.

Na hiyo KDS watoto wengi wanaisoma "kigawo kidogo cha shirika", hapana, ni kigawe, kwa sababu kigawo kidogo cha shirika cha namba zozote kitakuwa 1 siku zote, sasa hapo utauliza swali gani? Kwenye KKS ndo inakuwa kigawo, kigawo kikubwa cha shirika, yani namba kubwa kabisa inayozigawa zote.

Akimaliza hapo mpe 17. Itabaki 5, kwa hiyo 17 si kigawo cha 720,720. Akitaka nayo iingie azidishe kwa 17 apate 12,252,240, na 18 hana haja ya kuihangaikia maana 720,720 tayari ni kigawe cha 18, inaingia mara 40,040.