Renjifainda: Mkono Utangulie, Jicho Lihakikishe

Anayetoka kwenye kamera inayojifokasi yenyewe akishika renjifainda, yaani kamera ambayo ukali wa taswira (fokasi) unaupata kwa kuzungusha pete ya lenzi kwa mkono, hufanya hivi: anainua kamera, anatafuta kile kimraba cheupe cha katikati, anazungusha pete huku, anairudisha kule, mpaka zile taswira mbili za kitu kimoja zinazoonekana humo zikae pamoja. Kufikia hapo aliyekuwa akicheka ameshafumba mdomo. Nimepiga picha na kamera hizi kwa miaka, na anayeniuliza namna ya kuongeza kasi mimi humwambia jambo moja kabla ya mengine yote: sehemu kubwa ya fokasi imalizwe na mkono kamera ikiwa bado kifuani. Ikifika usoni, jicho libaki na kazi ya kuhakikisha tu.

Hilo linawezekana kwa sababu pete ya lenzi hizi ina mzunguko mfupi na inagota pande zote mbili. Nyingi zina kishikio kidogo upande wa chini, mahali pa kuweka ncha ya kidole. Kila unapomaliza kupiga, irudishe pete kwenye alama ya ∞, yaani mbali kabisa. Ukiwa na mazoea hayo kidole kinajua kinaanzia wapi, na mwelekeo unabaki mmoja, kutoka mbali kuja karibu. Wapo wanaopenda kuanzia karibu kwenda mbali. Sina ugomvi nao, mradi wachague njia moja na wasiibadilishe, maana anayeanzia popote huanza kila mara kwa kubahatisha.

Zoezi lake halihitaji hata filamu. Kaa mahali, tazama kitu, kadiria umbali wake, zungusha pete bila kuiangalia, kisha soma namba uliyoangukia. Baada ya hapo inua kamera, uone kimraba kinasemaje. Ukifanya hivyo kila siku unapokunywa chai, baada ya muda kidole kitapajua mahali pa mita 1 na mahali pa mita 3 kama dereva anavyobadili gia bila kutazama chini. Zipo alama za kukusaidia kukadiria. Mkono wa mtu mzima ukinyooka, kutoka usoni hadi ncha za vidole ni karibu sentimita 70, na huo ndio umbali wa karibu kabisa ambao lenzi nyingi za Leica M, renjifainda maarufu, zinaweza kufokasi. Mtu aliyesimama akijaza fremu ya lenzi ya 50 mm kuanzia utosini hadi nyayoni, kamera ikiwa wima, yuko karibu mita 2.5.

Sasa kimraba chenyewe. Ukikielekeza kwenye shavu hutaona kitu, kwa kuwa shavu halina ukingo. Tafuta mstari wa wima: ukingo wa kola, ukingo wa pembeni wa miwani, pindo la shati lililofunguliwa. Kwenye uso, mimi hutafuta mpaka kati ya mboni na weupe wa jicho, au ile nukta ya mwanga inayong'aa machoni. Nukta mbili zikiwa moja, umefika. Mistari ikiwa ya mlalo tu, mfano kingo za ngazi, inamisha kamera ubavuni, fokasi, kisha inyooshe. Shati la mistari na uzio wa nondo ni mtego: mstari mmoja unaweza kulalia jirani yake, ukadhani umepata kumbe umeunganisha vitu viwili tofauti. Hapo hama, tafuta kitu kingine kilicho umbali uleule.

Taswira zikikutana mara ya kwanza, piga. Kupeleka pete mbele na nyuma ili kujiridhisha kunakula muda na mara nyingi hakuongezi chochote. Kwa karibu sana mimi huiacha pete kabisa: naiweka kwenye mita 1, kisha naegemea mbele au nyuma kidogo mpaka taswira zilaliane. Kwa lenzi ya 50 mm kwenye f/2, yaani tundu la kupitisha mwanga likiwa wazi sana, ukali katika mita 1 una kina cha sentimita 4 hadi 5 tu, na kiwiliwili hukipata kina hicho upesi kuliko vidole.

Umbali huohuo ndio wenye hila ya kupanga picha upya. Umefokasi jicho katikati ya fremu, kisha ukashusha kamera ili jicho likae juu. Ukiizungusha nyuzi 15 hivi, fokasi inaangukia zaidi ya sentimita 3 nyuma ya jicho, na jicho lenyewe linatoka limefifia. Rudi nyuma kiasi hichohicho kabla ya kubonyeza, au funga tundu mpaka f/4. Mtu akiwa mita 3, usijisumbue na hesabu hizo.

Mchana wenye mwanga wa kutosha hata kimraba sikitazami. Lenzi ya 35 mm kwenye f/8, pete ikiwa mita 3, hukupa ukali kuanzia karibu mita 2 hadi mita 7. Mipaka hiyo imechorwa kwenye lenzi yenyewe, ingawa ukitaka kuchapa picha kubwa, soma alama za f/5.6 huku umepiga kwa f/8. Ila usiku, tundu likiwa wazi, mbinu hii haikusaidii. Rudi kwenye kola na miwani.

Na kama unafanya yote haya na picha bado hazitulii, ichunguze kamera. Weka pete kwenye ∞, elekeza kwenye mnara au nguzo iliyo mbali sana: taswira mbili zisipolaliana kabisa, mpelekee fundi airekebishe, kwani mkono mdogo wa ndani unaosukumwa na lenzi huweza kupotea mahali pake kamera ikigongwa. Kabla ya kumlipa fundi, hata hivyo, futa vioo vyote vya mbele na kile cha kuchungulia. Kisha angalia kidole cha mkono wa kulia kinakaa wapi. Kikiziba kidirisha kidogo cha mbele, kimraba kinatoweka, na hakuna fundi atakayekuta kasoro.