Kumchora Shujaa Asiyejulikana

SWALI: Ndugu Mhariri, nimejiwekea zoezi la kuchora kila siku shujaa mmoja wa komiki, na nimewaachia watu wengine wanichagulie. Mwanzoni niliombwa Superman na wenzake wanaofahamika, lakini sasa waombaji wananitajia mashujaa wa zamani ambao hata majina yao sikuwahi kuyasikia, na mara nyingi picha ninayoipata ni moja tu, ndogo na iliyofifia. Je, nimchore shujaa kama alivyo kwenye picha hiyo, au nina ruhusa ya kumbuni upya? Na je, zoezi hili linanijenga, au ninapoteza muda kwa watu wasiokumbukwa na yeyote?

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa jibu lake ndilo linaloongoza mengine. Shujaa maarufu hukujia akiwa ameshachorwa na wengine. Nembo iliyo kifuani mwa Superman, ambaye alitokea mara ya kwanza mwaka 1938, umeiona mara nyingi kiasi kwamba mkono huitoa bila jicho kufanya kazi yoyote. Asiyejulikana hukulazimisha kutazama. Zaidi ya hayo, ombi la mtu mwingine hukunyima kimbilio la wachoraji wengi, yaani kuchagua kila siku kile wanachokimudu, na siku utakapoombwa shujaa anayeruka kumwelekea mtazamaji, huku ngumi ikiwa mbele na miguu ikipotelea nyuma, utajua hasa ni wapi mkono wako unahitaji mazoezi.

Tena, kusahauliwa si ushahidi wa uduni. Mwaka 1947, huko Philadelphia nchini Marekani, mwandishi wa habari Orrin C. Evans alitoa komiki iliyoandikwa na kuchorwa na Wamarekani weusi, na ndani yake alikuwamo shujaa aitwaye Lion Man. Toleo la pili halikutoka. Anayekuomba Lion Man anakuomba umchore mtu aliyenyimwa nafasi ya kuzoeleka machoni pa wasomaji, na mimi naiona hiyo kuwa sababu ya kumchora kwa uangalifu mkubwa zaidi.

Sasa tuje kwenye ile picha moja iliyofifia. Ushauri wangu ni kwamba usiitafute picha nyingine kabla hujaitafuta hadithi. Hazina ya kumbukumbu iitwayo Grand Comics Database itakusaidia kujua shujaa alitokea katika toleo gani, na Digital Comic Museum inahifadhi kurasa nzima za komiki nyingi za zamani ambazo hakimiliki zake zimekwisha. Kusoma kurasa chache kunaweza kuugeuza mchoro mzima. Mchukue Red Bee, aliyeanza mwaka 1940: ukimtazama tu, utaona mwanamume aliyevaa mavazi ya rangi kali, lakini hadithi inasema kwamba alifuga nyuki waliofunzwa, na kwamba mmoja wao, Michael, alikaa ndani ya bizimu ya mshipi wake. Mara mshipi unakuwa kitovu cha mchoro, mkono unauelekea, na mtazamaji anangoja kitakachotoka. Matter-Eater Lad wa mwaka 1962 naye ana uwezo wa kula kitu chochote, hata chuma, jambo ambalo vazi lake halilidokezi hata kidogo. Usipomchora akitafuna, hujamchora.

Kuhusu ruhusa ya kubuni, mfano ninaoupenda ni Green Turtle, ambaye Chu Hing alimchora mwaka 1944 akipigana na majeshi ya Japani nchini China. Katika hadithi zake uso wake karibu hauonekani kabisa: mara amegeuka, mara mkono umekatiza, mara kivuli kimemfunika. Inasimuliwa kwamba Chu Hing alitaka shujaa huyo awe Mchina, mchapishaji akakataa, naye mchoraji akajibu kwa kuuficha uso. Mchoraji wa leo hushawishika kujaza pengo hilo kwa sura ya kubuni. Kwa maoni yangu, hilo ni kosa, kwa sababu uso uliofichwa ndio utambulisho wake, na kazi yako ni kutafuta mkao mpya utakaouficha bila kuonekana kwamba umelazimishwa. Jaribu kumchora kutoka juu, ili joho linalofanana na gamba la kobe lichukue nafasi kubwa ya karatasi.

Kwa hiyo usiguse kinachobeba nguvu au hadithi ya shujaa, na yaliyobaki uyatengeneze kwa uhuru. Rangi, kwa mfano, zisikuogopeshe. Komiki za zamani zilichapishwa kwa wino wa rangi nne juu ya karatasi hafifu inayogeuka manjano, na rangi zenyewe hazikuwa imara hata kwa mashujaa maarufu: Hulk alikuwa wa kijivu katika toleo lake la kwanza la mwaka 1962, kisha akawa wa kijani katika la pili kwa sababu kijivu kilisumbua mitambo. Ukibadilisha jambo, mweleze aliyeomba, kwani huenda anamfahamu shujaa huyo kuliko wewe.

Utafiti huo ufanye siku moja kabla, ili siku ya kuchora iwe ya kuchora.

SWALI: Mtu amejitolea kuninunulia mchoro wa shujaa wa zamani. Je, naruhusiwa kuuza?

JIBU: Inategemea shujaa na nchi. Nchini Marekani, kazi iliyochapishwa huko kabla ya mwaka 1964 ilihitaji hakimiliki yake ihuishwe katika mwaka wa 28, na wachapishaji wengi wadogo hawakufanya hivyo, ndiyo maana mashujaa wengi wa miaka ya 1940 sasa ni mali ya umma, yaani yeyote anaweza kuwatumia. Hata hivyo, jina linaweza kuwa na mwenyewe mwingine: Daredevil wa mwaka 1940 si yule wa kampuni ya komiki ya Marvel aliyeanza mwaka 1964, lakini ukiuza mchoro wa yule wa kwanza kwa jina hilo, unaweza kuingia katika mgogoro wa alama ya biashara. Hakiki hakimiliki ya shujaa na haki ya jina lake kila moja peke yake, kabla hujapokea malipo.