Ukienda Uskoti kwa Ajili ya Gofu, Zipumzishe Fimbo Baadhi ya Siku

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa bwana mmoja wa Nakuru, mchezaji hodari mwenye handikapu (kipimo cha uwezo, ambacho kikiwa kidogo ndivyo mtu alivyo bora) ya tarakimu moja, aliyeniarifu kwamba yeye na mkewe wanakusudia kwenda Uskoti mwakani, kwamba fedha haziwasumbui, na kwamba wakala wao amekwisha kuwaandalia ratiba ya viwanja saba kwa siku saba. Alitaka niipitie tu na kuipa baraka. Nilimwuliza mkewe, ambaye kwa maelezo yake hajawahi kushika fimbo, atakuwa akifanya nini siku zote hizo. Bwana akajibu kwamba mkewe atapumzika hotelini. Kwa kuwa najua wapo wengi wenye ratiba ya namna hiyo, nimeona jibu langu liwafikie wote.

Hakuna anayesafiri umbali huo kwa ajili ya gofu asiyetaka kukanyaga Old Course ya St Andrews, kwa hiyo tuanzie hapo. Uwanja huo ni wa umma, unasimamiwa na St Andrews Links Trust pamoja na vingine sita, na nafasi nyingi hutolewa kwa kura inayochezeshwa siku mbili kabla ya siku ya mchezo. Mnaomba mkiwa wawili, watatu au wanne, na kuingia katika kura hakulipiwi; mnalipia uwanja mkishapata nafasi. Wapo pia mawakala walioidhinishwa wanaouza nafasi za uhakika kwa bei ya juu, na hilo ni halali kabisa. Lisilo halali ni lile tulilofanyiwa na wakala mmoja wa Nairobi, ambaye simtaji, aliyetutoza fedha za nafasi ya uhakika na tulipofika tukagundua kwamba alichofanya ni kuandika majina yetu katika kura ile ile isiyolipiwa. Bahati ilitusimamia tukacheza, lakini uchungu wake haujanitoka, na kila anayeniuliza namwambia adai hati yenye tarehe na saa kabla ya kutoa hata shilingi.

Dawa ya kura ni kukaa. Lala St Andrews usiku kadhaa mfululizo, omba kila siku, na katikati ucheze New Course, ambayo licha ya jina lake ni ya mwaka 1895, au Jubilee iliyo jirani yake. Ratiba ya kuhama kila asubuhi inakunyima nafasi ya kuomba tena. Mimi nilipata par, yaani nilimaliza kwa idadi ya mipigo iliyowekewa shimo, katika shimo la 17, lile la Road Hole ambalo mpira wa kwanza hupigwa juu ya kona ya hoteli na barabara iko nyuma ya grini, yaani uwanda laini wenye shimo, ikikusubiri ukosee. Nalisema hilo kila ninapopata upenyo, na mke wangu amechoka kulisikia.

Wageni wengi hawajui kwamba Jumapili Old Course haichezwi, isipokuwa kukiwa na mashindano makubwa. Siku hiyo wenyeji huingia na watoto na mbwa wao, hutembea juu ya nyasi zile zile ambazo jana yake wageni walizilipia fedha nyingi, na mtu yeyote anaweza kusimama juu ya daraja la Swilcan, lile dogo la mawe lililomo uwanjani, apigwe picha. Hiyo ndiyo siku ya kumpeleka mwenzako asiyecheza. Kutoka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu hadi magofu ya kanisa kuu na ya ngome ya maaskofu, katikati ya mji wenye chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1413. Huko mtamsikia mwongoza wageni akisimulia jinsi bunge la Mfalme James wa Pili lilivyopiga gofu marufuku mwaka 1457, kwa sababu vijana waliacha mazoezi ya upinde na mishale, na kuna wake kadhaa ninaowafahamu ambao wangeiunga mkono sheria hiyo leo.

Kuhusu mchezo wenyewe nitatoa onyo moja kwa wenzangu wa nyanda za juu. Viwanja vya Nairobi viko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mpira huruka mbali. Kule pwani ya Uskoti utapungukiwa, hata kabla ya upepo kuanza. Isitoshe, sisi tumelelewa juu ya nyasi ya kikuyu, ambayo huubeba mpira na kuupunguza kasi unapotua. Kule nyasi ni nyembamba, udongo ni wa kichanga na mgumu, na mpira ukishatua unaendelea na safari zake. Jifunze kuubingirisha chini ukiwa hatua thelathini kutoka grini. Chukua kedi, yaani mbeba fimbo, umlipe taslimu na umsikilize anapokuonyesha mahali pa kulenga hata kama unaona anakupeleka kichakani. Old Course hutembewa kwa miguu, kwa hiyo anza mazoezi ya kutembea miezi kadhaa mapema.

Hoteli sitazirefusha, kwani mwenye fedha hakosi pa kulala. Gleneagles, iliyofunguliwa mwaka 1924 na ambayo uwanja wake mmoja uliandaa Ryder Cup, mashindano ya timu za Ulaya na Marekani, mwaka 2014, inafaa kwa wanandoa kwa sababu asiyecheza anaweza kujifunza kurusha ndege wawindaji, kupanda farasi au kuvua samaki. Hapo hakuna atakayemwambia mkeo apumzike chumbani.

Hata hivyo, fedha hazikuhakikishii heshima kila mahali. Katika klabu moja ya faragha, ambayo nayo siitaji, mimi na mwenzangu tuliombwa kuonyesha uthibitisho wa nafasi yetu mlangoni, na tena mahali pa kuanzia, ilhali wachezaji waliokuwa nyuma yetu walipita wakisalimiwa kwa tabasamu. Tulionyesha, tukacheza, na tukala chakula cha mchana chumba kile kile na wao. Nawasihi mwende na hati zenu zimechapishwa, cheti cha handikapu kikiwemo, na msiinamishe vichwa. Tumelipa kama wengine, na mwenendo wetu uwanjani usimpe mtu kisingizio: cheza kwa kasi, ziba shimo la nyasi ulilolichimba, sawazisha mchanga wa banka, yaani shimo la mchanga, ukishapiga.

Kisha nendeni kaskazini, na hapa ndipo ninapomsihi bwana wa Nakuru afute viwanja. Dornoch ni mji mdogo wenye kanisa la karne ya 13 na uwanja wa Royal Dornoch, alikokulia Donald Ross, aliyezaliwa mwaka 1872 na baadaye akahamia Marekani na kubuni uwanja wa Pinehurst nambari mbili. Cheza hapo, kisha fimbo zibaki garini. Karibu na hapo, kando ya Golspie, kuna ngome ya Dunrobin, ambako ndege wawindaji hurushwa mbele ya wageni, na juu ya mlima iko sanamu kubwa ya Duke wa kwanza wa Sutherland. Mabonde mnayoyaona matupu na kuyasifia yalikuwa na watu. Mwanzoni mwa karne ya 19 familia nyingi zilifukuzwa na wenye ardhi ili kondoo wapate malisho, na sanamu hiyo ni ya mmoja wa waliowafukuza. Kwa sisi tuliokulia karibu na mashamba ya walowezi, simulizi hiyo haihitaji mkalimani. Tulizungumza juu yake usiku kucha, zaidi kuliko tulivyozungumza juu ya shimo lolote la gofu, la 17 likiwemo.

Mkienda mapema Septemba, Jumamosi ya kwanza ya mwezi huo kuna michezo ya Braemar, ambako wanaume waliovaa kilti hurusha magogo na wapuliza zumari za mifuko hushindana siku nzima. Hagisi isikutishe: ni moyo, ini na mapafu ya kondoo pamoja na oti (oats) na viungo, na aliyezoea mutura atajiona nyumbani. Wiski ya Speyside, eneo la kaskazini lenye viwanda vingi vya wiski, onjeni, lakini dereva asionje, kwani kiwango cha pombe kinachoruhusiwa barabarani Uskoti ni cha chini kuliko cha Uingereza. Gari linaendeshwa upande wa kushoto kama kwetu, ila milimani barabara nyingi zina upana wa gari moja, na aliye karibu zaidi na kituo cha kupishana ndiye hungoja.

Kwa hiyo, bwana wangu, nimevibakiza viwanja vinne kati ya saba: viwili St Andrews, kimoja Gleneagles na Royal Dornoch. Ratiba niliyoipunguza nimekurudishia, nakala nyingine apewe mama aijaze siku zilizobaki kwa mkono wake. Wakala akikataa kuibadilisha, mdai akurudishie amana sasa, kabla hujawasilisha maombi ya visa, kwa maana maombi hayo huandikwa tarehe za safari.