Maswali ya Wasomaji: Gia Inateleza Gari Likipata Moto

SWALI: Ndugu mhariri, nina Toyota Premio ya mwaka 2004 yenye gia otomatiki. Asubuhi gari hutembea vizuri kabisa, lakini baada ya nusu saa barabarani, hasa ninapopandisha mlima Kitonga, injini hunguruma na mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) hupanda hadi 4,000 huku mwendo hauongezeki. Fundi wangu amechomoa kijiti, akasema mafuta ya gia boksi yamejaa na dawa ni kununua gia boksi nyingine ya mtumba. Je, nikubali? (Msomaji, Iringa)

JIBU: Ndugu msomaji, usinunue bado. Muulize kwanza fundi wako kama alipima mafuta hayo injini ikiwa imezimwa au ikiwa inaunguruma, kwa sababu hapo hata mafundi wazoefu hukosea. Oili ya injini hupimwa injini ikiwa imezimwa, lakini mafuta ya gia boksi ya gari kama lako hupimwa injini ikiwa inaunguruma. Injini ikizimwa, sehemu ya mafuta yaliyokuwa yakizunguka hurudi kwenye sampo (bakuli la mafuta chini ya gia boksi), kijiti kikasoma juu, na gia boksi yenye upungufu ikaonekana imeshiba.

Liendeshe gari kwa dakika 20 hivi, uliegeshe mahali tambarare na kuvuta breki ya mkono. Ukiwa umekanyaga breki, pitisha gia zote kutoka P hadi L, ukikaa kidogo katika kila moja, kisha urudi P. Bila kuzima injini, chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kirudishe, ukichomoe tena. Mafuta yanapaswa kufika kati ya alama mbili za HOT. Halafu dondosha tone moja juu ya karatasi nyeupe. Mafuta mazima ni mekundu na huonyesha upande wa pili. Yakiwa ya kahawia na kunuka kama chakula kilichoungua, klachi zimeanza kuungua. Yakiwa ya waridi na mazito kama maziwa yaliyotiwa sharubati, maji ya rejeta yameingia kupitia kipozeo cha mafuta, na gari hilo lisiendeshwe hata kilomita moja zaidi.

Kila gia katika gia boksi yako hushikwa na klachi, yaani sahani nyembamba zenye kitambaa cha msuguano ambazo hubanwa pamoja kwa presha ya mafuta. Presha ikipungua, sahani husuguana bila kushikana, na huko ndiko kuteleza unakokusikia. Asubuhi mafuta ni mazito, kwa hiyo hata sili za mpira zilizokakamaa kwa uzee huweza kuyazuia. Yakipata moto huwa mepesi na kupenya. Aidha, mafuta yakiwa pungufu, mlimani hukimbilia upande mmoja wa sampo na pampu ikavuta hewa. Dalili zako zinaendana na sababu zote mbili, na ndiyo maana sikubali uamuzi uliotolewa kwa kuangalia kijiti peke yake.

Ikiwa mafuta ni pungufu lakini bado mekundu, tafuta yanakovujia (sili za ekseli, gasketi ya sampo, mabomba ya kipozeo), paziba, kisha ujazie mafuta ya aina ya T-IV. Yakiwa yamechoka bila kuungua, fungua sampo, safisha chujio, na utazame sumaku zilizomo. Ujiuji wa kijivu unaopakika kidoleni ni uchakavu wa kawaida, lakini vipande vya chuma vinavyokwaruza ni habari mbaya. Kumbuka kwamba kumwaga mara moja huondoa takriban nusu tu ya mafuta, kwa kuwa mengine hubaki ndani ya tokikonvata (kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi kwa njia ya mafuta), hivyo rudia zoezi hilo baada ya siku chache.

Tatizo likiendelea, gari lipimwe kwa mashine. Kodi (namba ya hitilafu) P0730 inasema uwiano wa gia si sahihi, P0741 inaelekeza kwenye klachi ya tokikonvata, na P0750 inaelekeza kwenye solenoidi (vali ndogo ya umeme) ya kubadilishia gia, ambayo hupimwa kwa mita na kwa kawaida husoma omu 11 hadi 15. Zingatia pia ni gia ipi inayoteleza. Ikiwa ni moja tu, shaka iko kwenye klachi au solenoidi ya gia hiyo. Ikiwa ni zote pamoja na rivasi, shaka iko kwenye pampu, chujio au presha, na fundi apime presha kwa geji.

Klachi zilizoungua hazirudishwi na mafuta mapya wala dawa za chupani. Hapo gia boksi ifunguliwe, zibadilishwe klachi na sili zote, na kipozeo kisafishwe, la sivyo uchafu wa zamani utaua kazi mpya. Gia boksi ya mtumba naiweka mwisho kabisa, kwa sababu nawe hujui iliteleza kwenye milima ya nani. Kwa sasa usipande Kitonga na gari hilo, maana kila dakika ya kuteleza huunguza klachi ambayo huenda bado inaokoleka.

SWALI: Nissan X-Trail yangu ya 2010 ni ya CVT (gia boksi otomatiki isiyo na hatua za gia). Fundi anataka kutia ATF (mafuta ya gia boksi otomatiki) ya kawaida kwa sababu ni rahisi. Kuna ubaya? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Upo, na ni mkubwa. CVT husukumwa na ukanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na mafuta yake hutengenezwa ili chuma kishike chuma bila kulika. ATF ya kawaida huuacha ukanda uteleze na kuchimba mistari kwenye puli, na puli ikishachimbika haisuguliwi ikapona. Tumia mafuta ya CVT ya Nissan aina ya NS-2, au NS-3 iliyoirithi. Kama fundi ameshatia ATF, gari livutwe hadi gereji, mafuta yamwagwe kabla injini haijawashwa tena.