Baba amekariri ujumbe wa kukohoa

SWALI: Shikamoo Dada Muuguzi. Baba yangu ana miaka 63 na ana kisukari. Katika kundi letu la WhatsApp ametumiwa ujumbe kwamba ukishikwa na mshtuko wa moyo ukiwa peke yako, ukohoe kwa nguvu mfululizo mpaka upone. Ameukariri. Je, ni kweli? Na dalili zenyewe ni zipi? – Binti mwenye wasiwasi

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Si kweli, mwambie leo hii. Ujumbe huo unazunguka tangu mwaka 1999. Huwa umebandikwa jina la hospitali, lakini tarehe hauna, na mwisho unakuhimiza uwasambazie wenzako. Ukiona ujumbe wowote wa afya unaokupa cha kufanya peke yako badala ya kuita msaada, ukatae hapo hapo.

Mapigo yakivurugika ghafla hospitalini, daktari aliyekodolea macho mashine anaweza kumwambia mgonjwa akohoe kwa sekunde chache. Nyumbani hakuna mashine wala daktari. Mshtuko wa moyo kwa kawaida ni damu iliyoganda na kuziba mshipa, na kikohozi hakiuzibui mshipa huo. Anapoendelea kukohoa, msuli wa moyo unakufa.

Wengi ninaowapokea chumba cha dharura hata neno "maumivu" hawalitaji. Mtu anaweka ngumi katikati ya kifua na kusema, "Kuna kitu kimenikalia hapa." Uzito huo huweza kwenda mkononi, begani, mgongoni au kwenye taya, au ukakaa juu ya tumbo akadhani ni kiungulia. Baba yako mchunge zaidi, maana kisukari huharibu mishipa ya fahamu na kifua kisiume kabisa. Akiishiwa pumzi ghafla, akachoka kupita kiasi, akasikia kichefuchefu au akatokwa jasho la baridi hali amekaa tu, usisubiri. Jasho hilo mimi huliogopa sana.

Uzito wa kifua ukidumu zaidi ya dakika chache, au dalili hizo nyingine zikimtokea, piga simu ya dharura. Akae, asiendeshe gari. Kama hana mzio wa aspirini wala tatizo la kutokwa damu, atafune miligramu 300, asiimeze nzima. Hospitalini anatakiwa apimwe umeme wa moyo ndani ya dakika 10 tangu afike. Kipimo cha kwanza kikiwa safi na dalili bado zipo, ombeni kirudiwe.

Akigoma kukuamini, kliniki ijayo ya kisukari aende na simu yake, amwonyeshe daktari ujumbe huo. Ila namba ya dharura mwekee kwenye simu leo.