Chupa ya ramu ya Jamaika inayonukia ndizi haijaharibika

Mkuu, hiyo chupa usiimwage. Umesema shemeji yako amekuletea ramu ya Wray & Nephew nyeupe yenye kilevi cha asilimia 63, ukafungua ukakutana na harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi pamoja na gundi, ukahisi umeletewa feki. Hiyo ndiyo harufu yake halali. Umeuliza pia kama ramu iliyoandikwa 23 kwenye lebo inaizidi iliyoandikwa 12. Nimefanya kazi miaka sita kwenye baa ya meli ya watalii iliyokuwa ikizunguka visiwa vya Karibi, kwa hiyo najibu kwa niliyoyaona na kuyaonja.

Wageni wengi wa kaunta yangu walichagua ramu kwa rangi: nyeupe ya kuchanganyia, ya kahawia ya kunywa taratibu. Rangi inadanganya. Kuna nyeupe iliyolala miaka kadhaa kwenye pipa la mwaloni, kisha ikachujwa kwa mkaa mpaka rangi yote ikatoka. Na kuna nyeusi tii ambayo weusi wake ni sukari ya kuunguza tu. Wewe uliza mambo mawili: imetokana na nini, na imepikwaje.

Mimi nimekulia Kilombero. Ukipita karibu na kiwanda cha sukari msimu wa kusaga, molasi unaijua kabla hujaiona: nzito, nyeusi, ina harufu ya sukari iliyoungua na uchachu kwa mbali. Ramu nyingi duniani inatokana na hiyo molasi. Martinique, kisiwa cha Ufaransa huko Karibi, ni tofauti. Kule muwa unakamuliwa, na juisi mbichi ndiyo inayochachushwa na kupikwa. Wanaiita rhum agricole, na tangu 1996 ina sheria zake zinazolinda jina la mahali inakotoka, kama ilivyo kwa mvinyo wa Ufaransa.

Mara ya kwanza kushuka Fort-de-France, mji mkuu wa Martinique, mzee mmoja mwenye kibanda karibu na soko aliniwekea mezani chupa, ndimu na shira ya miwa. Akakata ubavuni mwa ndimu kipande kidogo kama sarafu, ganda na nyama yake, akakiminya ndani ya glasi na kukiacha humo humo. Kijiko kimoja cha shira, ramu nyeupe ya asilimia 50, akakoroga. Hakutia barafu. Nilipoinua ile glasi nilijiona nimesimama Kariakoo mbele ya mashine ya miwa, ndimu na tangawizi vimebanwa katikati ya muwa, na ule ubichi wa majani unakupanda puani. Nilikaa kimya kwa muda. Mtu aliyelelewa na juisi ya miwa hahitaji kuelezwa ramu ya Martinique, anaitambua.

Sasa Jamaika. Anayejua gongo inavyopikwa ameshaelewa nusu ya habari: chombo juu ya moto, mvuke unapita kwenye bomba lililopozwa kwa maji, mkupuo mmoja baada ya mwingine. Upikaji huo wa chungu unaacha harufu nyingi ndani ya kinywaji. Mitambo mirefu kama minara hupika mfululizo bila kusimama, na kinachotoka ni chepesi na safi. Kuba wanapenda huo wepesi, ndiyo maana ramu yao inakaa vizuri na ndimu na mnanaa. Wajamaika wanapenda harufu iwe kubwa, na chungu hawajakiacha. Hampden, shamba lililopo tangu 1753, wanauacha mchanganyiko uchachuke kwa wiki nzima na zaidi kwa hamira ya asili inayoelea hewani, na wanaongeza masalia yanayobaki chunguni baada ya kupika, wanayoyaita dunder. Bakteria wanatengeneza tindikali, tindikali ikikutana na kilevi zinazaliwa esta, yaani kemikali zenye harufu kali. Moja ya esta hizo ndiyo inayoipa ndizi mbivu harufu yake, na nyingine ndiyo ile ya gundi uliyoisikia. Kwa hiyo pua yako imekwambia kweli tupu.

Anayeanza huwa namtuma Barbados, kwa sababu wao wanachanganya ya chungu na ya mnara: Mount Gay, au Doorly's ya kiwanda cha Foursquare. Anayependa uzito wa zabibu kavu aende Guyana, kwenye El Dorado. Hao bado wana mitambo ya mbao, na inafanya kazi.

Kuhusu namba, soma kwa makini. El Dorado ikiandika 12, ramu changa kuliko zote humo ndani ina miaka 12. Zacapa 23 ya Guatemala ni mchanganyiko wa ramu za miaka 6 hadi 23. Si vibaya, ila namba hizo mbili hazilinganishwi.

Na kuna sukari. Niliporudi likizo nilimletea baba chupa niliyoilipia pesa nzuri, lebo imeandikwa miaka mingi. Alionja akaiweka chini, akasema, "Mwanangu, hii ni shira." Usiku nilimwaga kijiko kimoja kwenye kisosi, nikakiacha wazi. Asubuhi nilipogusa, kidole kilinata: ilikuwa imetiwa sukari. Iliniuma, maana lebo haikusema lolote. Tangu 2021 Umoja wa Ulaya hauruhusu ramu kuzidi gramu 20 za utamu kwa lita, lakini chupa zinazouzwa kwingine hazibanwi na hilo. Kipimo cha kisosi fanya mwenyewe.

Hiyo ya kwako usiisogeze puani kama marashi, asilimia 63 itakuchoma usisikie kitu. Iweke usawa wa kidevu, mdomo wazi kidogo. Jamaika wanainywa na soda ya balungi. Mimi hutumia mililita 30 tu, juisi ya nanasi mara nne yake, ndimu, barafu nyingi, na huwa nimeshakula. Nanasi na zile esta zinaelewana ajabu, ile gundi inapotea kabisa. Shemeji akisafiri tena mwagize Appleton, ramu nyingine ya Jamaika, ya miaka 12. Hiyo utainywa yenyewe, na matone machache ya maji.