Nyumba ya mwisho inapata volti 185: usikimbilie kununua waya mnene

Mitambo midogo ya umeme wa maji huku Nyanda za Juu Kusini ina shida moja: mto uko bondeni, watu wanakaa juu mgongoni. Turbini inatoa volti 230, lakini taa za nyumba ya mwisho zinawaka kama kibatari. Fundi atakwambia ununue waya mnene. Piga hesabu kwanza.

Chukua kilowati 10, umbali wa mita 800, waya wa alumini wa mm² 50 wenye ukinzani wa omu 0.64 kwa kilomita. Kwa njia moja (single phase: waya mmoja wa moto na nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme), mkondo ni ampia 43.5. Kwenda na kurudi ni kilomita 1.6, yaani omu 1 na ushee. Volti kama 45 zinaishia njiani, na karibu kilowati 2 zinapasha waya moto bure.

Mzigo huohuo ukiugawa kwa njia tatu (three phase: nyaya tatu za moto na nyutro moja) za volti 400 kati ya moto na moto, kila waya wa moto unabeba ampia 14.5. Zinapotea volti 7 hivi kwa kila njia, na wati 320 tu kwa jumla. Nyaya zimekuwa nne badala ya mbili, ila upotevu umeshuka mara 6. Kupata nafuu hiyo kwa njia moja kungehitaji waya wa mm² 300! Volti ikipanda, mkondo na upotevu vinashuka; ndiyo maana hata laini kubwa ya Iringa kwenda Shinyanga ni ya kV 400, yaani volti 400,000. Kijiji kikiwa kilomita kadhaa kutoka mtoni, hesabia transfoma mbili, ya kupandisha na ya kushusha.

Kuna wanaoongeza volti kwenye jenereta ili wa mwisho wafikiwe. Usifanye hivyo. Usiku wa manane mizigo ikizimwa, hakuna kinachopotea njiani, na kila nyumba inapokea volti 260. Balbu na chaja zinakufa.

Njia tatu zina masharti yake. Sawazisha nyumba kwenye kila njia, na pima ampia saa 2 usiku, si mchana. Nyutro ndiyo ya kuogopa zaidi: ikikatika, nyumba zenye mzigo mdogo zinaweza kusukumiwa volti zinazokaribia 400, na televisheni hazisalimiki. Ifunge kwa uangalifu kuliko waya mwingine wowote.

Viungio navyo vinakula umeme kimyakimya. Alumini ikifungwa moja kwa moja na shaba, ukungu wa Mufindi unaimaliza: unga mweupe unatokea, boliti inalegea, plastiki inaanza kuwa nyeusi. Tumia kiungio maalumu cha alumini na shaba. Sugua alumini kwa brashi ya waya, paka grisi ya viungio papo hapo, kisha kaza.

Mashine ya kusaga ikiwashwa moja kwa moja huvuta mkondo mara 5 hadi 7 ya kawaida. Iwekee kiwashio cha staa-delta, kinachopunguza mkondo wa kuwashia, na isage mchana. Radi za Novemba hadi Aprili zinahitaji vizuia radi ncha zote mbili za laini, pale mtamboni na kijijini, kila kimoja na erthi yake.